Kikosi cha Kiroboto

Pasi na kompyuta haziwezi kuwaka pamoja nyumbani kwetu. Ukizichomeka zote mbili, swichi kubwa iliyo juu ya mlango inajifyatua, taa zinazima, na baba yangu anageuza shingo polepole kunitazama kana kwamba nimeuza nchi. Fundi wa umeme alikuja, akapanda kigoda, akakuna kichwa, akasema nyaya za nyumba hii zimezeeka kuliko yeye, akanywa chai yetu akaenda zake. Tumebaki hivyohivyo. Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani bila pasi anachekwa. Baba ni sajini mstaafu, na siku hizo alikuwa na jeshi lake ndani ya gemu la kompyuta. Huhitaji kuambiwa tulivyokuwa tukiishi.

Chumba chenyewe ni kimoja, cha mbele. Upande wa dirisha ni wangu: cherehani, meza ya kukatia, kamba ya kutundikia nguo za wateja, na furushi la sare za shule ambalo haliishi. Upande wa ukutani ulikuwa wa baba: kimeza, kompyuta ya mtumba, na kiti chenye mto niliomshonea mwenyewe kwa vipande vya suti za watu. Katikati yetu iko soketi ya matundu mawili, moja tu isiyotoa cheche. Mama hukaa kwenye kochi karibu na mlango, miguu juu ya kigoda kwa sababu inavimba, redio ndogo mapajani. Moyo wake haufanyi kazi vizuri. Akitoka kwenye kochi mpaka jikoni, anapumzika njiani, ameshika ukuta.

Sasa hilo gemu. Mtaa mzima ulimwita baba Sajini, hata mama alimwita Sajini, na mtu wa namna hiyo ukimpa gemu la vita umempa kazi upya. Lilikuwa la vita vya zamani, vya mikuki na farasi, vya wafalme waliokufa kabla hajazaliwa babu wa babu yangu. Unapewa jeshi dogo, unalitembeza nchi hadi nchi. Kitu kimoja ndicho cha kukijua: askari wako ni walewale siku zote. Aliyepona leo utamkuta kesho kambini, amejua kazi zaidi, amepandishwa cheo. Aliyekufa harudi. Na kila kikosi unakipa jina ulitakalo mwenyewe, kwa hiyo baada ya muda unawajua watu wako kama unavyowajua majirani.

Aliyelileta gemu hilo ni mdogo wangu wa kiume. Mama alimwita Kiroboto tangu anatambaa, maana ukimweka hapa unamkuta kule, na jina likamganda mpaka akaota ndevu. Walicheza pamoja, yeye na baba, jeshi moja. Baba aliongoza wa miguu, Kiroboto aliongoza farasi. Kikosi cha farasi kikaitwa Kiroboto, na kiongozi wake alikuwa mtu mdogo aliyefunga kitambaa chekundu kichwani.

"Ndiyo mimi huyo," mdogo wangu alikuwa akisema, anagusa kioo kwa kidole chenye mafuta. "Sajini, usinifiche nyuma. Nitume."

"Farasi ni wa mwisho," baba anamjibu. "Kaa huko nyuma utulie."

"Nyuma nitazeeka, mzee."

Kutwa nzima ni hayo, na mimi katikati yao natafuta nafasi ya kupiga pasi.

Baba alikuwa na sheria yake. Watu wengine wakishindwa vita katika magemu haya hurudi mwanzo, wakavipigana upya mpaka washinde. Yeye aliharamisha. Hakuna kurudia. Nilikuja kuijua vizuri sheria hiyo siku mteja mmoja aliponisimamia mlangoni, ana usaili wa kazi, suruali yake imekunjamana kama imetoka mdomoni mwa ng'ombe. Nikachomeka pasi bila kufikiri. Tap, giza. Kumbe walikuwa katikati ya vita, na wapiga mishale wote wa upande wa kushoto walikuwa wameshakwisha. Na gemu lile huhifadhi vita vikishamalizika tu. Umeme ukikatika katikati, ni kama havikupiganwa: ukiwasha tena, jeshi liko kambini, wazima wote.

Walipowasha tena, Kiroboto alicheka mpaka akashika tumbo. "Dada ametuokoa! Sajini, tazama, wamefufuka wote."

Baba hakucheka. Alivaa miwani, akafungua kambi, akatafuta wapiga mishale wa kushoto, kikosi kimoja baada ya kingine, na kila kikosi akakibonyezea pale pa kumtoa askari jeshini. Wakafutika. Mdogo wangu, mwanamume mzima, midomo ikaanza kumcheza.

"Baba, si wako hai?" nikamuuliza.

"Nimewaona wakifa," akasema. "Kwa macho yangu. Unataka nijifanye sikuona?"

Nikamtazama mama pale kwenye kochi, naye akanyanyua mabega, akaongeza sauti ya redio. Moyoni nilisema mzee huyu akili zimeanza kumruka. Yule mteja alikwenda kwenye usaili na suruali yake hivyohivyo, na kazi hakupata, na mpaka leo akinipita ananikata jicho.

Kisha Kiroboto akaingia jeshini, jeshi la kweli. Baba alimpigia viatu rangi mwenyewe. Vita vilikuwa vimeanza mpakani, lakini baba alitembea mtaani kifua mbele, na mama alijikaza asilie mbele ya watu. Mdogo wangu alipoaga aliegemea mlango, akaonyesha kompyuta kwa kidevu. "Sajini, nikirudi nikute umenipandisha cheo."

Hakurudi. Wakaja maofisa wawili, wakakaa kwenye kochi la mama, kofia mapajani. Wakasema maneno yao marefu. Walipofika kwenye neno lenyewe, kwamba wanaamini amefariki, baba alikuwa amesimama.

"Mwili uko wapi?"

"Hatukuupata, Sajini."

"Nani amemwona akifa?"

Wakatazamana. Mmoja akaanza kueleza mambo ya mapigano, na daraja, na hali ilivyokuwa. Baba akamkatisha, kwa heshima, lakini akamkatisha.

"Mimi nimewahi kupeleka habari kama hizi kwenye nyumba za watu. Sikuzipeleka bila mtu aliyeona. Aje mtu aniambie amemwona kwa macho yake. Mpaka hapo, kwangu hakuna msiba."

Akawapigia saluti, wakaondoka. Na kweli, msiba haukuwekwa. Mkeka haukutandikwa. Shangazi yetu alikuja njia nzima analia, kanga kichwani, na baba akamsimamisha mlangoni, akamwambia mwanangu hajafa, dada, kalie kwako. Majirani wakaona, wakafyata ulimi. Hakuna aliyethubutu kusema pole.

Mama ndiye aliyebaki na mzigo. Mama hajawahi kupindua neno la baba mbele ya watu, tangu waoane. Akasema sawa. Akageuza kochi lake, akaipa kompyuta mgongo ili asiione, akakaa. Akalia kimyakimya, kilio kisicho na sauti, kile kinachomtoka mtu huku anachambua mchele. Miguu ikazidi kuvimba. Kule hospitali daktari alinivuta pembeni akaniambia moyo wake umechoka, nisimkasirishe, nisimshtue. Nikamwambia daktari, asiyemkasirisha ni mimi peke yangu.

Siku moja nampaka mafuta miguuni, akaniambia, "Nataka nimlilie mwanangu."

"Unamlilia kila siku, mama."

"Huku si kulia. Nataka nilie kwa sauti. Watu waje, wanishike, waseme jina lake, wamwombee. Kilio chake kimenikaa hapa." Akajigusa kifuani. "Nikitangulia mimi kabla ya kumlilia, huko akiniuliza nitamjibu nini? Kwamba baba yako alikataa?"

Nilikwenda na chupa ya mafuta mpaka jikoni, nikalia mimi badala yake, kisha nikaosha uso nikaenda kumvaa baba.

Alikuwa vitani, kama kawaida. Na hapa ndipo damu iliponichemka zaidi, kwa sababu tangu maofisa waje, baba alikuwa amebadilisha namna ya kupigana. Kikosi cha Kiroboto hakikugusa vita tena. Kila penye mapigano alikipeleka nyuma kabisa, juu ya kilima chenye miti, akakiacha huko. Wenye mikuki walikufa, wapiga mishale walikufa, wale wazee wake wa miguu aliowalea mwenyewe tangu mwanzo walikuwa wanakatwa mmoja mmoja. Farasi wa Kiroboto walikuwa wanapunga mikia kivulini. Jeshi lilikuwa linaisha, na yeye analitazama linaisha.

"Baba," nikamwambia, "hao wanaokufa hapo mbele, wao hawana mama?"

"Fundi, shona," akasema. Akiniita Fundi najua mlango umefungwa.

"Mama anakufa, baba. Unamficha huyu wa kwenye kioo, yule wa kwenye kochi anakufa."

"Nimesema shona."

Nikashona. Nilishona nguo yote hiyo kombo, ikabidi niifumue.

Aliyekuja kubadilisha mambo ni kijana mmoja mrefu, mwembamba, mkono wa kushoto hauna vidole viwili. Alisimama mlangoni na koti la jeshi lisilo na alama, nikadhani ni mteja, nikachukua futi ya kupimia. Akasema anamtafuta baba yake Kiroboto. Mama akazima redio.

Baba alimkalisha kwenye kigoda, yeye akabaki wima. Kijana akaeleza. Walikuwa wanarudi nyuma, adui kisogoni. Kulikuwa na mto na daraja moja. Malori yalijaa majeruhi, na yeye mwenyewe alikuwa ndani ya lori mojawapo, mkono umefungwa shati. Kapteni wao akasema lazima watu wabaki darajani wamcheleweshe adui mpaka malori yapite. Akamwacha Kiroboto na wenzake wachache.

"Alikuja kunifunika blanketi," kijana akasema. "Alikuwa anacheka, afande. Akaniambia, leo mzee hayupo wa kunificha nyuma. Sikumwelewa. Nikadhani ni homa yangu."

Nilimwona baba akishika ukingo wa kimeza chake. Kijana hakujua amesema nini. Mama alijua. Na mimi nilijua.

"Endelea," baba akasema.

"Tulivuka. Tukafika kwenye mwinuko. Nikasikia mlipuko, nikaona moshi. Daraja halikuwepo tena."

"Ulimwona?"

"Niliona moshi, afande."

"Nimekuuliza kama ulimwona yeye. Kwa macho yako."

Kijana akainamisha kichwa. "Sikumwona."

"Basi," baba akasema. Nikasikia mama akivuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyekaribia kufika akaambiwa ageuze. Nilitaka kumrukia baba. Kweli, nilitaka kumshika shati nimtikise. Lakini baba alikuwa hajamaliza. Akamuuliza yule kijana, taratibu, "Huyo kapteni wenu. Palikuwa na mwingine wa kumwacha pale?"

Kijana akafikiri. Akahesabu kimoyomoyo kwa vidole alivyobakiwa navyo.

"Hapakuwa na mtu, afande. Sisi wengine wote tulikuwa tumeumia. Wazima ni wao tu."

Baba akaitikia kwa kichwa. Akamsindikiza mpaka barabarani, mkono begani, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia mtu. Aliporudi hakuwasha kompyuta. Siku zikapita hajaiwasha, mpaka vumbi likakaa juu yake, na mimi nikapiga pasi nitakavyo, na sikufurahi hata kidogo. Alikaa tu pale akitazama nikikata vitambaa.

"Fundi," akaniuliza mara moja, "kitambaa kikiwa kifupi, unapunguza wapi?"

"Mahali pasipoonekana."

"Na kama pote panaonekana?"

"Hapo unakata tu, baba. Mteja anasubiri."

Kesho yake asubuhi akafuta vumbi, akawasha.

Nakumbuka nilikuwa na sare ya msichana wa shule mezani, nabana pindo la sketi, pini zimejaa mdomoni. Pasi ilikuwa mezani na waya wake unaning'inia, inangoja zamu yake. Jua limeingia mpaka katikati ya sakafu. Baba alikuwa hajagusa chai. Tangu asubuhi alikuwa anatazama kitu kimoja, anasogeza kipanya, anakirudisha, anasogeza tena. Saa za mchana akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa.

"Mama Kiroboto," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo tangu wale maofisa waje. "Njoo ukae hapa."

"Mimi michezo yenu siijui, Sajini."

"Njoo."

Akaenda yeye mwenyewe kumwinua, akamwekea kiti changu karibu na chake. Mama akakaa, anahema. Alikuwa hajakitazama kile kioo tangu ageuze kochi.

"Yule mwenye kitambaa chekundu," baba akamwonyesha. "Ndiye Kiroboto."

Mama akainama, akasogeza uso karibu kabisa, mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Akamtazama mtu yule mdogo juu ya farasi wake. Akamgusa.

"Amekonda," akasema.

Baba akasogeza kipanya. "Sikiliza. Hawa ni majeruhi wangu. Wanatakiwa wavuke mto huu. Adui huyu hapa, anakuja. Hili ndilo daraja, hakuna lingine. Lazima mtu abaki amcheleweshe, la sivyo wanakufa wote." Sauti yake ilikuwa ileile ya kutoa taarifa. "Nimetafuta tangu asubuhi nani mwingine. Sina. Nimewamaliza wengine wote kwa kumficha yeye. Ningekuwa mimi yule kapteni, mke wangu, ningemwacha huyuhuyu."

Baba akabonyeza.

Farasi wakashuka kutoka kilimani. Wakaingia darajani, wakajipanga, kitambaa chekundu mbele. Nyuma yao majeruhi wakaanza kuvuka, polepole, wanavyovuka watu walioumia. Kisha adui akafika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya viti vyao, sketi mkononi. Mpanda farasi wa kwanza akaanguka, wa pili, kisha wawili kwa pamoja. Majeruhi walikuwa wamefika katikati. Farasi mmoja akatumbukia mtoni na mtu wake. Mama alikuwa ameshika kitambaa cha meza, amekikunja ngumini. Majeruhi wa mwisho wakafika ng'ambo. Akabaki mwenye kitambaa chekundu, peke yake, anageuka huku na huku, hatulii, kama alivyokuwa hatulii maisha yake yote. Kisha mikuki ikamzunguka na farasi akapiga magoti, na tukakiona kitambaa chekundu kimelala juu ya mbao za daraja, hakisogei.

Baba alikuwa anatazama. Hakufumba macho.

Sikumwona mama akiinuka. Mama yangu asiyeweza kufika jikoni bila kushika ukuta, alikuwa ameshainuka, ameufikia ule waya, ameinama, na kabla sijaelewa anafanya nini akaichomeka pasi kwenye soketi kwa mikono miwili.

Tap. Kioo kikawa cheusi.

Alibaki pale chini, amepiga magoti, ameshikilia waya. "Hajafa," akasema. "Si ndivyo? Ukikatika katikati wanarudi. Nilisikia siku ile. Mlisema wanarudi wazima wote."

Miaka yote ile kwenye kochi, redio inapiga kelele, kumbe neno halikumpita.

Baba akamwendea, akamfumbua vidole kimoja kimoja, taratibu sana, akaichomoa pasi. Akamwinua, akamrudisha kitini. Akapanda kigoda, akainua swichi kubwa. Kompyuta ile ni kuukuu, inachukua muda wake kuamka, na sote watatu tukakaa tunaingoja bila kutazamana. Nje mtu alikuwa anauza makaa, anapita anaita.

Kambi ikatokea. Na kikosi cha Kiroboto kilikuwepo, farasi wote, watu wote, na yeye mbele yao na kitambaa chake chekundu. Farasi wake alikuwa anapunga mkia.

Mama akatoa sauti kama kicheko. "Huyo hapo. Sajini, huyo hapo, mzima." Akamshika baba mkono. "Mwache. Mwache akae hapohapo kambini, usimtume popote. Mimi nitanyamaza. Sitadai kulia tena, nakuapia. Mwache tu akae."

Na mimi, niliyegombana na mzee yule mchana kutwa kwa muda wote ule, mimi niliyetaka amzike, moyo wangu ulisema mwache, baba, tafadhali. Nilikuwa na pini mdomoni.

Baba alimtazama mama. Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye mikunjo ya uso na hakuyafuta, nadhani hakuwa na habari nayo.

"Nimemwona, mke wangu," akasema. "Nilikuwa nangoja mtu aliyemwona. Nimemwona."

"Hukumwona. Ni mchezo. Ni kompyuta tu, Sajini."

"Nimemwona, na wewe umemwona."

Akasimama, maana jambo lile hakuweza kulifanya ameketi. Akashika kipanya, akatafuta pale pa kumtoa askari jeshini. Gemu likamuuliza kama ana hakika, kama linavyouliza kila mara. Akabonyeza. Jina la Kiroboto likafutika, na majina ya chini yake yakapanda juu, yakajaza ile nafasi.

Hapo ndipo mama alipolia. Sitaweza kukisimulia kilio kile, na sitaki. Kilitoka tumboni, kilikuwa kimengoja muda wote huo, na hakikuwa na aibu wala hakikumwogopa mtu. Baba alipiga magoti mbele ya kiti chake, akalaza kichwa mapajani mwake, na mama akamshika kichwa hicho kwa mikono miwili na kuendelea kulia juu yake, anamwita mtoto wake jina, anamwita tena.

"Fundi," baba akasema bila kuinua uso. "Waite majirani. Waambie kwa Sajini kuna msiba."

Nilitoka jinsi nilivyokuwa, futi shingoni, sketi ya mtu mkononi. Nikabisha mlango wa kwanza. Jirani akafungua, akanitazama mdomo, nikakumbuka pini. Ikabidi nizitoe moja moja, nizichomeke kwenye sketi, ndipo niseme kwamba Kiroboto amefariki.